Fundi wa Maua na Vyuma Vyake Kumi na Kimoja

Mtu wa kwanza kunigombeza nilipofika Baraka, mji wa kando ya ziwa, alikuwa yeye, na sababu ilikuwa msumari. Nilikuwa nimepanga chumba katika ua wake wiki ileile, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, mume wangu bado yuko Uvira akingoja uhamisho ambao haukuja. Nilimkuta ameketi mlangoni na chuma kidogo mkononi, karatasi nyekundu imekwama ndani ya mdomo wa chuma, anatafuta kitu cha kuitolea. Kwa kujipendekeza nikaokota msumari chini nikampa. Akanitolea macho.

"We mwalimu, unataka kuua mutoto wangu? Musumari ndani ya kinywa yake? Leta kibiriti."

Nilidhani anataka moto. Kumbe alitaka njiti tu. Aliisukuma polepole mpaka karatasi ikatoka, kisha akafuta mdomo wa chuma kwa ncha ya kanga yake, akaupuliza.

"Chuma na chuma binaumizana," akasema. "Muti haiumize. Na kesho ukiamka unisalimie mbele ya kufagia, siyo nyuma."

Baraka nzima walimwita Fundi wa maua, nami sitamwita vingine. Kazi yake ilikuwa maua ya karatasi: ya arusi, ya Noeli kanisani, ya sikukuu za Chama kilichotawala, na zaidi ya yote mataji ya kuweka juu ya majeneza. Alikuwa na vyuma kumi na kimoja vya kutobolea. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha kati, kichwa bapa kwa ajili ya nyundo, na mdomo wenye makali yaliyochongwa kwa umbo lake: ua la petali tano, nyota, jani, moyo, kipepeo, mwezi, na mengine ambayo hata yeye hakujua majina yake. Unatandika karatasi juu ya gogo, unasimamisha chuma wima, unapiga nyundo mara moja, na ua linatoka zima. Ukipiga mara mbili, alisema, linatoka na midomo miwili. Aliachiwa vyuma hivyo na mke wa mmisionari aliyerudi kwao wakati wa vita, na kila nilipomuuliza kwa nini aliachiwa yeye na si mwingine, alinijibu kwamba wivu ni dhambi.

Sijaona mtu aliyetunza watoto wake kama alivyovitunza vile vyuma. Hewa ya ziwa inakula chuma bila kelele. Ukisahau kisu dirishani wiki moja unakikuta kimekuwa chekundu. Yeye aliviweka katika mkebe wa biskuti, kila kimoja kimevikwa kitambaa chake, na chini ya mkebe alitandika vipande vya mkaa vinywe unyevu. Kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, alivifungua vyote. Alichovya unyoya wa kuku katika mafuta ya cherehani akavipaka, tone moja kila kimoja. Mafuta ya mawese hakuyataka karibu, maana yanaganda. Kabla ya kuanza kazi alisugua mshumaa kwenye makali ili karatasi isishike. Na chuma kikianza kutafuna badala ya kukata, alikipiga juu ya karatasi ya fedha ya paketi za sigara, mara kumi, mara ishirini, mpaka makali yarudi. Kwa hiyo Fundi, muumini asiyekosa ibada, alikuwa rafiki wa wavutaji wote wa sokoni. Walimwekea paketi tupu, naye alizipokea kwa mikono miwili huku akiwaambia kwamba watakufa vibaya.

Gogo lenyewe lilikuwa la mti mgumu, limekatwa kwa kusimama, na juu yake kipande cha mpira wa gari. Alilizungusha kila siku kidogo, lisichimbike mahali pamoja. Nikicheka utaratibu huo, aliniuliza kama shuleni kwangu tunaandika mstari juu ya mstari.

Jambo moja watu wote walilijua: hakuna aliyegusa vyuma vyake. Alikuwa mkono wa birika kabisa. Mke wa mchungaji aliomba kuazima ua moja tu kwa ubatizo wa mjukuu. Akarudishwa kutoka mlangoni. Mkuu wa vijana wa Chama alituma mtu achukue nyota kwa ajili ya sikukuu. Fundi akaenda mwenyewe na mkebe kichwani, akakaa uani kwake siku nzima akipiga nyundo, akarudi na vyuma vyake vyote.

"Mi sipatiake muntu byuma yangu," alisema. "Muntu anaazima chuma, anarudisha musumari."

Neno hilo lilijulikana mpaka likawa utani. Watoto barabarani walikuwa wakinyimana muwa wanasema, mi niko Fundi wa maua, sipatiake muntu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa namna moja. Mwanamke aliyemfukuza mke wa mchungaji ndiye aliyewajazia watoto wa mtaa mifuko kwa vipande vidogo vya rangi vilivyobaki kwenye gogo, wakarushiana siku nzima. Alipenda kusema kwamba marehemu hapewi ua lililotumika. Halafu miezi miwili baada ya mazishi nilimkuta makaburini akifungua waya kutoka kwenye mataji yaliyooza. Niliona kinyaa, nikamwambia. Hakuona haya hata kidogo.

"Ua ilikuwa ya mufu, nilimupatia. Waya iko ya bazima."

Serikali ilipotuamuru tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu, alikwenda ofisini akaandikisha jina refu ambalo karani alilikata mara mbili lienee kwenye kitambulisho. Alijibu kwa jina hilo kila alipoitwa. Nyumbani, akisali, nilimsikia kupitia ukuta akijitaja kwa jina la zamani. Nilimtania asubuhi yake, akasema, "Mungu nikimubadilishia jina, atanitafuta wapi?" Siku za kucheza ngoma za Chama uwanjani alikuwa mstari wa mbele, sauti juu, kitambaa cha kijani kichwani. Akirudi aliloweka miguu katika maji ya chumvi na hakusema na mtu mpaka jioni. Kwa muda mrefu sikuelewa kama aliamini au aliogopa. Sasa nafikiri alikuwa ameamua tu wapi atakuwa mkaidi, na mahali hapo palikuwa mkebe wa biskuti.

Miaka ile hofu ilikuwa juu ya meza kama chumvi. Milimani walikuwako watu wenye silaha, na wakuu wa Baraka waliona mkono wao katika kila kitu: mwalimu aliyechelewa, mvuvi aliyelala upande wa pili. Ukitaka kuelewa yaliyompata Fundi lazima ujue pia habari ya kalenda. Karatasi nzuri ilikuwa adimu. Shuleni, ndani ya ghala, tulikuwa na kalenda za Chama za miaka iliyopita, karatasi nene yenye kung'aa, nyuma nyeupe kama maziwa. Hakuna aliyethubutu kuzichoma wala kuzitupa, maana kila ukurasa ulikuwa na uso wa Raisi juu na miezi chini. Hata muuza samaki aliyefungia gazeti alikagua kwanza kama uso haumo. Direkta wa shule, akihofia panya wasije wakamletea kesi, alinipa rundo lote nikafunikie madaftari, nami nikampelekea Fundi.

Alizipokea kama mtu aliyeletewa mbuzi. Kila ukurasa aliukata katikati. Nusu ya miezi aliitobolea maua. Nusu ya uso aliikunja kwa heshima akaiweka chini ya godoro lake.

"Unamlalia Raisi, Mama?" nikamwuliza.

"Nyamaza, mwalimu. Siye njo tunalaliwa."

Tukacheka mpaka akaniziba mdomo. Kuanzia hapo alinifundisha sheria yake ya karatasi, maneno mawili: geuza kwanza. Kabla ya nyundo, geuza uone upande wa pili.

Siku ninayotaka kuisema, watoto wengi walikuwa wakifa kwa surua. Kwa jeneza la mtoto desturi yake ilikuwa nyota nyeupe, arobaini. Asubuhi hiyo walikuja wenye msiba wa nyumba mbili. Alikuwa hajamaliza taji la kwanza, na ilimbidi aende mtaa wa pili akapime jeneza lingine, maana hakukubali kutengeneza taji bila kupima mwenyewe. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni na mwanangu wa miezi sita mgongoni. Alinitazama kwa muda. Kisha akafungua mkebe, akatoa nyota, akaifungua kitambaa, akaniwekea kiganjani.

"Leo tu," alisema. "Nyota makumi ine. Karatasi mbili mbili, siyo zaidi. Na ugeuze kwanza. Usiambie muntu."

Mpaka leo nakumbuka uzito wake. Nilifurahi kijinga, kama mtu aliyepewa cheo. Nikapiga nyota ishirini na nane vizuri kabisa, na nusu za miezi zikaisha. Pembeni ya gogo kulikuwa na ukurasa mmoja uliolala kifudifudi, mweupe. Mtoto alikuwa ameanza kulia, wenye msiba walikwisha tuma mtu mara mbili. Nikaukunja tabaka nne badala ya mbili, nikapiga nyota tatu, basi kumi na mbili zikatoka. Sikugeuza. Ukurasa ule Fundi alikuwa bado hajaukata.

Niliona wakati wa kupaka gundi. Niligeuza nyota moja nikakuta madoa ya chui, manjano na meusi, ile kofia ya Raisi ambayo hata mtoto wa chekechea aliitambua. Nyingine ilikuwa na sikio. Nyingine, fremu ya miwani. Ningeweza kuzitupa zote motoni na kumngoja Fundi nimwambie. Badala yake nilitupa ukurasa ndani ya mbabula, jiko la mkaa, nikauangalia ukijikunja juu ya makaa, kisha nikazibandika nyota kumi na mbili upande mweupe juu, gundi ya unga wa muhogo nyingi kuliko kawaida, nikawapa wenye msiba taji lao. Fundi aliporudi aliuliza kama niligeuza. Nikamwambia ndiyo.

Ilinyesha makaburini. Gundi ya muhogo na mvua hazipatani. Nyota zilianza kuteleza juu ya jeneza moja moja, na mkuu wa vijana wa Chama, ambaye alikuwa mjomba wa marehemu, akainama kuokota moja ili airudishe mahali pake. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nilimwona akiigeuza.

Kesho yake asubuhi walikuja watano uani. Fundi alikuwa akifagia. Majirani walijaa mlangoni, nami nilikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni.

"Sitwayene," mkuu wa vijana alisema, kwa neno la Chama la kumwita mwananchi, nyota kiganjani, "nani alitoboa hii?"

Alimpa aishike. Fundi aliitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Alijua mara moja. Hakuna namna asingejua. Hakunitazama hata kwa ukingo wa jicho.

"Ni chuma yangu."

"Sikuulize chuma ya nani. Ni mukono ya nani?"

"Baraka yote inajua," alisema. "Mi sipatiake muntu byuma yangu."

Na Baraka yote ilijua kweli. Watu walitikisa vichwa mlangoni, naam, hampi mtu. Mke wa mchungaji alikuwapo, akatikisa na yeye. Walimuuliza mabaki ya picha yako wapi, na hapo tu niliona midomo yake ikitafuta neno, maana hakujua. Mkuu akasema basi imekwisha pelekwa milimani kuwa alama. Wakainua godoro, wakakuta nyuso zote zilizokunjwa kwa heshima, na heshima hiyo haikumsaidia. Walimpandisha kwenye kamio, lori la kwenda gereza la Fizi, pamoja na mkebe wake. Mimi nilifyata ulimi. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto, ambaye alikuwa ananyonya, na hilo lilikuwa kweli, lakini nilikuwa naogopa hata kwa ajili yangu mwenyewe, ngozi yangu, mgongo wangu. Niliona aibu wakati uleule ninaogopa, na hofu ilishinda.

Alikaa huko wiki saba. Aliporudi nywele zilikuwa zimekatwa na mguu mmoja aliuvuta. Kati ya vyuma kumi na kimoja alirudishiwa viwili, jani na mwezi. Askari walikuwa wamevitumia kutoboa mikanda juu ya jiwe; midomo ilikuwa imevunjika kama meno. Nilimwona akikaa na jani lile na karatasi ya fedha ya sigara, akipiga, akipiga, siku baada ya siku, makali yasirudi. Baadaye alihamia kwenye mkasi. Maua ya mkasi yalikuwa mazuri, watu walisema, lakini hakuna mawili yaliyofanana, naye hilo lilimuudhi kuliko mguu.

Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitesa. Aliitikia salamu yangu kila asubuhi, akauliza mtoto amelalaje, akaendelea na kazi. Kila siku nilijipiga moyo konde kwamba leo nitasema, na kila siku nilikuta sababu. Mwaka uliofuata nikapata uhamisho wa Uvira, nikaaga haraka kama mtu anayekimbia moto.

Nilimwona tena mara moja tu, miaka mingi baadaye, utawala ule ukiwa unayumba, pesa zimekuwa karatasi tupu na wakuu wa Chama wakikana kwamba waliwahi kuwa wakuu. Nilikuwa nimekwenda Kigoma kwa biashara ya vitenge, na katika duka la vifaa vya shule nikakuta chuma cha kutobolea, kipya, umbo la nyota. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nilikinunua, na safari iliyofuata nilishuka Baraka.

Alikuwa amezeeka, amekonda, ameketi mlangoni palepale na mkasi. Alinitambua kabla sijafika.

"Mwalimu. Karibu. Mutoto iko?"

"Yupo, Mama. Amekuwa mwanaume. Ameoa."

"Muzuri." Alikuwa na furaha ya kweli usoni.

Nilimpa chuma. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye mdomo, akakipima kwenye mwanga, akasema makali yamechongwa kwa haraka lakini yatafundishika. Alitaka nimletee mshumaa. Wakati anasugua, nilimwambia. Nilisema yote: ukurasa ambao sikuugeuza, madoa ya chui, mbabula, gundi nyingi, uongo niliomwambia aliporudi. Nililia, naye akaendelea kusugua mpaka nilipomaliza.

"Ile nilijua siku ileile," alisema. "Ile haikunisumbua, mwalimu. Kama ungesema, wangetubeba sote, na mutoto angenyonya nani? Mlangoni pale nilikuwa naomba Mungu akufunge kinywa."

Nilivuta pumzi. Nilidhani tumefika.

"Lakini kule Fizi," akasema, "serikali haipatiake mufungwa chakula. Kila muntu analetewa na bantu bake. Mi sina mutoto, sina ndugu huku, unajua. Kila kamio iliyopanda nilisikiliza. Nilisema, mwalimu hawezi kusema neno, lakini atakuya na sahani. Ataweka kwa sandarme, askari wa kwenye mulango, atarudi. Hata bila kuniangalia. Posho saba, wiki saba zote, mwalimu. Nilikula mabaki ya bengine."

Katika miaka yote ile ya kujilaumu, jambo hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimelia kwa ajili ya nyota kumi na mbili, na siku zile zote nilikuwa napika ugali uani kwake, kwenye mbabula yake.

"Leo umeniletea chuma," alisema kwa upole. "Chakula iko wapi?"

Nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Nikaondoka bila kuaga, nikaenda sokoni nusu nakimbia, mwanamke mzima. Kwa mama mmoja anayepikia wasafiri nikapata bugali ya moto, ndakala, ndio dagaa, za kukaanga na mboga za lengalenga, nikamlipia na sahani yenyewe, nikaibeba imefunikwa kwa kitambaa mpaka mlangoni kwa Fundi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Hakunikaribisha ndani wala hakunyanyua kichwa kunitazama. Alikula mgongo ukiwa umeegemea ukuta, sahani imeshikwa karibu na kifua, upesi, kama walavyo gerezani, mpaka tonge la mwisho. Kisha akainuka, akavuta mguu wake mpaka kwenye ndoo, akaosha sahani, akaikausha kwa kanga, akanirudishia juu ya kizingiti.

"Nimeshiba," alisema. "Sasa rudi nyumbani."